Macho Mapya ya Mwewe

Mtaa wa masonara ulimwita Mwewe kwa sababu ya macho yake, na mwenyewe jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba mwewe sifa yake ni kuona mbali, akiwa juu kabisa anamwona kifaranga uani. Huyu wetu, mvue miwani, hawezi kumtofautisha kifaranga na kandambili iliyotupwa hatua chache mbele yake.

Sifa yake yeye ilikuwa ya karibu. Mpelekee pete yenye vijiwe vidogo kama punje za mtama, ataisukuma miwani yake juu ya paji la uso, ataisogeza ile pete mpaka chini ya pua, na hapo ataona mkwaruzo ambao wewe hata ukiutafuta kwa tochi huuoni. Kazi yote aliifanya hivyo, kwa macho matupu, bila lenzi ya kukuzia. Wateja waliondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao, naye aliwasindikiza kwa jicho la huruma, maana kwake mtu asiyeweza kupachika jiwe alikuwa mzigo tu hapa duniani.

Na dharau, eh! Bwana huyo alikuwa na dharau ya kuugawia mtaa mzima ikabaki na ya kesho. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, sonara mwenzake aliyeitwa Kobe kwa jinsi alivyoinama kazini, alikuwa akifunga lenzi kichwani kwa mkanda kila anaposhika kazi ndogo. Mwewe hakupita mlangoni pake bila kijembe. "Leo tunachimba madini, fundi? Kama huoni unachoshika, si ukauze vitunguu? Vile ni vikubwa." Kobe alizidi kuinamia kazi yake. Naye asionewe huruma bure, maana alikuwa mmbeya kupindukia, na vipuli vyake vilitoka kimoja kirefu kimoja kifupi.

Kitu kimoja tu kilimkera Mwewe katika mwili wake mwenyewe, nacho ni hiyo miwani. Ilikuwa minene mno. Mkewe alipomwacha alimwambia neno moja mlangoni, "Kaa na chupa zako," akaenda zake. Baadaye akaolewa na mkaguzi wa shule, mtu mrefu asiyevaa miwani, na ambaye kwa maoni ya Mwewe hakuwa na jingine lolote la kujivunia.

Sasa binti yao alikuwa anaolewa. Ni mtoto wao wa pekee, mwalimu wa chekechea, mpole, wala hakuna ajuaye upole huo aliutoa wapi, maana kwa baba haukuwepo na kwa mama uliwahi kuisha. Mchumba wake alikuwa fundi umeme. ("Mtu anayeshinda juu ya nguzo," alisema Mwewe, "utamwitaje nyumbani, kwa kengele?") Binti hakumwomba baba yake sherehe wala gauni. Alimwomba pete, na aitengeneze kwa mkono wake mwenyewe, mawe matano madogo yamebanana kwa mstari, dhahabu ya katikati isionekane. Kazi ya namna hiyo mtaani pale aliiweza mmoja tu.

"Pete utapata," alisema Mwewe. "Ila mimi sitaingia ukumbini mbele ya mama yako na chupa mbili usoni. Nakwenda kufanya macho."

Kliniki ilikuwa ghorofani, sakafu inateleza kwa kupigwa deki, ukutani picha za watu wanaocheka huku wakitazama milima, utadhani mwenye miwani amekatazwa kucheka. Dada wa mapokezi alisema, "Karibu, mzee."

"Mzee nani?" Mwewe aligeuka nyuma kutafuta. Binti yake, aliyekuja naye, alimvuta mkono wakaketi.

Akapimwa. Akaweka kidevu kwenye mashine, akapulizwa upepo machoni, akaambiwa atazame taa ya kijani, akatiwa dawa iliyompanua mboni mpaka mwanga ukawa unamchoma. Mwisho wakaingizwa kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, na usoni, lo, alikuwa na miwani!

"Makubwa haya," Mwewe alimnong'oneza binti yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Anayeondoa miwani za watu, yake imemshinda."

"Yangu inanifaa, mzee," alisema daktari bila kukasirika. Alichukua jicho la plastiki lililokuwa mezani, akalifungua vipande. "Njia ziko kadhaa. Ya kwanza, tunakata utando mwembamba juu ya kioo hiki cha mbele, tunaufunua kama kifuniko, mwale wa leza unanyoa chini yake, kisha tunaufunika. Kesho yake unaona. Ya pili haina kifuniko. Tunaondoa ngozi laini ya juu, mwale unanyoa, ngozi inaota tena yenyewe. Hiyo inauma siku kadhaa na inachelewa, lakini inawafaa wenye kioo chembamba. Ya tatu, mwale unachonga kipande ndani kwa ndani, nasi tunakitoa kwa tundu dogo. Ya nne hatunyoi kitu, tunaweka lenzi ndani ya jicho."

"Na ya tano?" aliuliza binti.

"Ya tano ni kuacha kama yalivyo."

Mwewe akasonya. "Nimepanda ngazi zote hizo nije kuambiwa niache? Nipe ile ya kifuniko. Kesho yake naona, basi."

"Kioo chako ni kinene, hiyo inawezekana," alisema daktari. "Mimi nina wasiwasi na kitu kingine. Kazi yako ni usonara. Ukiwa kazini miwani unavaa au unavua?"

"Navua. Mimi sihitaji kitu. Mtaa mzima unanijua."

"Basi nisikilize vizuri, mzee. Kinachokufanya usione mbali ndicho hichohicho kinachokuonyesha karibu. Macho yako yamezaliwa na lenzi ya karibu ndani yake. Kijana tukimrekebisha mbali, jicho lake bado linaweza kujivuta likaona karibu. Wewe kwa umri wako kule kujivuta kumekwisha. Nikikupa mbali, karibu kunaondoka. Pete ukiileta chini ya pua hutaiona."

Mwewe alimtazama yule daktari juu mpaka chini, ingawa kwa mboni zile zilizopanuka alikuwa anaona ukungu mtupu. Amwambie yeye kwamba ustadi wake ni ugonjwa! Kwamba miaka yote ile ya kusifiwa, kilichokuwa kinasifiwa ni kasoro! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa napachika mawe wewe hujaota meno. Ustadi hauko kwenye jicho. Uko hapa," akajigonga kichwa, "na hapa," akaonyesha vidole. "Jicho ni dirisha tu. Dirisha likioshwa, fundi anakuwa kipofu?"

"Kuna njia ya katikati," daktari aliendelea. Uvumilivu anao, tumpe haki yake. "Tunarekebisha jicho moja lione mbali, la pili tunaliacha lione karibu. Ubongo unazoea. Na kabla ya kukata chochote, nakupa lenzi ya kuvaa jichoni ujaribu wiki moja hapohapo kazini kwako. Ukiona haikufai, unavua, hakuna kilichoharibika."

"Jicho moja huku, jingine kule?" Mwewe akacheka kicheko cha puani. "Mimi siyo kinyonga."

Kwenye ngazi binti yake alimshika mkono. "Baba, jaribu basi hiyo lenzi, wiki moja tu."

"Kinyonga wewe."

"Haya, basi tengeneza pete yangu kwanza. Ukimaliza, fanya macho unavyotaka."

Hapo angekubali, hadithi hii isingekuwepo. Kazi hiyo angeimaliza kwa siku chache, kwa macho yaleyale, chini ya pua ileile. Lakini alimtazama mtoto wake kama anayetazama mteja mshamba. "Nikutengenezee wewe kwa macho ya zamani? Hiyo pete ndiyo itakuwa kazi ya kwanza ya macho mapya. Utaona mwenyewe." Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limezibwa kwa kiburi.

Upasuaji wenyewe haukuwa na la kusimulia sana. Alilazwa chali, akatiwa matone ya ganzi, kope zikabanwa zisipepese, akaambiwa atazame taa. Alisikia mashine ikitatarika, akasikia harufu ya nywele zilizoungua, na kabla hajapata la kulalamikia wakamwambia ainuke. Jioni ile aliona kama mtu aliyefungua macho ndani ya maji ya sabuni. Asubuhi akaamka, akatazama dirishani, akasoma bango la duka la rangi lililo mwisho wa barabara, mpaka zile herufi ndogo za chini.

Loo salale! Hapo ndipo mtaa ulipokoma. Zamani Mwewe aliwadharau waliokuwa karibu tu, sasa akawafikia hata wa ng'ambo. Akiwa amesimama mlangoni kwake alimtangazia mshona viatu kwamba ana pengo, akamwambia mwenye duka la vitambaa kwamba mapazia yake yana vumbi, akamjulisha dereva aliyepita kwa kasi kwamba shati lake limekosa kifungo. Ile miwani ya zamani aliipeleka mbele ya duka la Kobe, akaiweka chini, akaikanyaga kwa kisigino huku watu wanatazama. Alisema yeye na vioo basi mpaka kaburini.

Kisha akaingia ndani, akaketi kwenye meza yake ya kazi, akaitoa dhahabu ya binti yake na yale mawe matano.

Mkono ulipanda wenyewe kwenye paji la uso kusukuma miwani, ukakuta ngozi. Akaileta pete chini ya pua. Pete haikuwepo. Palikuwa na ukungu wa njano, na katikati ya ukungu kitu kinachong'aa ambacho huenda kilikuwa jiwe, huenda kilikuwa kucha yake. Akairudisha nyuma kidogo, akairudisha tena, mpaka mkono ulipokuwa umenyooka kabisa ndipo pete ikaonekana pete. Lakini kwa umbali ule yale mawe yalikuwa vumbi tu, na koleo lake halikujua liume wapi.

Alilaumu matone. Alilaumu taa, akanunua nyingine. Alimlaumu daktari, akapanda tena zile ngazi kwenda kumwambia kazi yake ni mbovu. Daktari akampima, akasema, "Macho yako yamepona vizuri sana, mzee. Mbali unaona kuliko mimi na miwani yangu. Karibu ndiko nilikokueleza."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwa kazi ndogo namna hiyo utahitaji lenzi ya kukuzia, ya kufunga kichwani. Mkono utajifunza upya, taratibu. Usiwe na haraka."

Ya kufunga kichwani! Kama Kobe! Mwewe alishuka ngazi bila kuaga. Alikwenda mtaa wa mbali asikojulikana, akanunua miwani ya kusomea, akajifungia dukani nayo. Ilisaidia kusoma gazeti, siyo kupachika jiwe. Vidole vyake tangu ujana vilizoea kitu kiwe chini ya pua, na miwani ile ilikitaka kiwe kifuani. Akaitupa kwenye droo.

Habari ilivuja, na ingawa hakuna aliyemwona aliyeivujisha, mtaa wenye Kobe hauhitaji redio. Siku moja Kobe mwenyewe akatokea mlangoni na lenzi yake mkononi, mkanda unaning'inia, tabasamu limemjaa uso. "Nimesikia mwewe anatafuta kifaranga chini ya pua yake," alisema. "Nimekuletea hii. Nina nyingine."

"Kavae vipuli vyako hivyo virefu na vifupi," Mwewe akamjibu, akamfungia mlango.

Binti ndiye aliyekuja kusema lile ambalo halisemeki. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akazungusha mkoba wake magotini. "Baba, harusi imekaribia. Wewe umeshaichonga pete, mwili wake ni wako. Mpe Kobe apachike mawe tu. Hakuna atakayejua."

"Kobe?"

"Mawe tu, Baba."

"Bora nikuvalishe uzi," alisema Mwewe. Binti akachukua mkoba wake akaenda zake, maana alimjua.

Na siku ya mapumziko, mtaa umefungwa, mchana kweupe, alijifungia akaifanya kazi ile kwa kupapasa. Usinicheke nikikuambia kwamba alijitahidi. Alifanya kwa ncha za vidole, kwa kumbukumbu, kwa kuhisi jiwe likikaa na kijino cha dhahabu kikikunjika juu yake. Mara mbili jiwe lilimruka, akatambaa sakafuni kulitafuta, na alipokuwa amesimama mbali aliliona vizuri kabisa, akiinama lilipotea. Alipomaliza akapitisha kidole juu ya mstari wa mawe. Kidole kilikwaruza mahali. Akasugua, akapolishi, akapitisha tena, kikakwaruza tena. Akajiambia ni ngozi ya kidole chake, imekuwa ngumu siku hizi.

Binti alipokuja kuichukua walisimama wamekaribiana, katikati yao meza tu. Aliivaa, akaitazama, akainua uso. Mwewe alikaza macho amsome, lakini kwa umbali ule uso wa mwanawe ulikuwa na ukungu kidogo, mdomo haukuwa na kingo.

"Nzuri, Baba," ilisema sauti. "Ahsante sana."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Siku ya harusi Mwewe aliingia ukumbini uso mtupu, kichwa juu, binti mkononi. Alimwona mtalaka wake tangu mlangoni, safu ya pili, gauni la kijani, na akangoja macho yake yamtoke pima kwa mshangao. Mtalaka alimtazama mara moja, akarudi kumtazama mtoto, akatoa kitambaa akajifuta machozi. Kuhusu miwani, kama aligundua, hakuonyesha. Mwewe akapelekwa meza ya wazee, mwisho kabisa wa ukumbi, akaketi akaanza kujiliwaza kwa kazi aliyoizoea. Mkaguzi wa shule alikuwa na makombo ya keki kwenye tai. Maua ya mezani yalikuwa ya plastiki. Bwana harusi alifunga kiatu kimoja kwa fundo la kamba ya mbuzi. Kobe, kule pembeni, alitafuna mdomo wazi. Kila kitu kilikuwa wazi kama mchana, na kila kitu kilikuwa cha kudharauliwa, na moyo wake ukatulia.

Kisha binti akashuka kuwasalimia wageni. Shangazi yake akawa wa kwanza kumdaka mkono aione pete ambayo Mwewe ameitengeneza. Na Mwewe, kutoka mwisho wa ukumbi, akaona. Hakuhitaji kukaza macho. Aliona kidole gumba cha binti yake kikijikunja taratibu, kikaisukuma pete ikazunguka, mawe yakaenda upande wa kiganja, na shangazi akaonyeshwa mgongo wa pete, dhahabu tupu. Binti akasema neno huku anacheka, shangazi akaitikia, akambusu.

Huenda ni bahati mbaya, alijiambia. Wakaja walimu wenzake, wakadai kuiona pete, gumba likajikunja tena. Akaja mama wa bwana harusi, likajikunja tena. Lilikuwa limeshazoea.

Akafika kwa mama yake. Hapo hakuzungusha. Alikigeuza kiganja juu, akakifungua, akamwonyesha mama yale mawe matano. Mwewe aliuona uso wa mtalaka wake ukiinama, akauona ukikaa palepale kitambo. Aliusubiri ucheke. Uso ule haukucheka. Mama alivishika vidole vya mwanawe, akavifunga kimoja kimoja juu ya pete, akaushikilia mkono ule ndani ya mikono yake miwili.

Binti akainua kichwa, akatazama mwisho wa ukumbi alikoketi baba yake. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni. Tangu azaliwe, kwa umbali ule baba yake bila miwani hakuwahi kuona kitu, na mazoea hayafutwi kwa leza. Akampungia mkono, uleule, akitabasamu.

Mwewe akafinya macho, akanyoosha shingo mbele, akayumba kichwa kidogo kama mtu anayemtafuta aliyempungia hajui ni nani. Kisha akanyanyua mkono, akampungia.